Eabrashi ya Shilingi 2,800 Inatosha, Lakini Sikizeni

Kila wiki kuna msee ananiuliza swali lile lile: hizi nganya za kadibodi unazipakaje rangi zikatoka laini hivyo, na je, ile mashine ya bei rahisi ya kuagiza mtandaoni inafanya kazi ama ni ya kuibia watu? Inafanya. Yangu niliinunua shilingi 2,800, ikaja na kakompresa kadogo ka kuchaji kama simu, na imenilipia kodi ya nyumba hapa Kitale miezi kadhaa sasa. Wale wanaokwambia ungoje upate eabrashi ya Japani na kompresa yenye tangi ni watu ambao hawajawahi kuhesabu nauli. Ngoja hivyo uone kama utawahi kuanza.

Kwa wageni wa hapa: niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na sai natengeneza matatu ndogo za kuuza. Wateja wangu wakubwa ni madereva na makanga wa barabara ya Kitale kwenda Bungoma. Mtu anaendesha gari la tajiri mwaka mzima, anataka lake dogo la kuweka sebuleni. Mzee wangu bado anaziita magari ya watoto. Nimeacha kubishana naye, ila nikituma pesa ya unga haulizi imetoka wapi.

Sasa huyu mteja hadanganyiki. HiAce ya kawaida ina urefu wa karibu mita 4.7. Mimi hupunguza mara 16, inakuwa sentimita 29 hivi. Ule mstari wa manjano tuliowekewa na sheria za Michuki mwaka wa 2004 una upana wa milimita 150 kwenye gari lenyewe. Kwa langu unabaki milimita 9 na kitu. Jaribu kuupaka kwa brashi ya mkono uone. Nywele za brashi zinaacha mifereji, na kwa gari dogo mfereji unaonekana kama barabara ya murram baada ya mvua. Konda ataiona kabla hajauliza bei. Na hapo hatujafika kwenye michoro ya ubavuni, ile rangi inayotoka bluu ikaingia zambarau pole pole. Hiyo bila kupuliza, sahau.

Ukinunua, angalia kitufe. Chukua ile ambayo ukibonyeza chini inatoa hewa, na ukivuta nyuma ndio inaachilia rangi. Zile za kubonyeza tu zinatoa kiasi kimoja, huwezi kuchora kitu chembamba kikanenepa. Nozeli ya milimita 0.3 inatosha kila kitu ninachofanya. Siku ya kwanza usitie rangi kabisa. Tia maji na matone ya wino, chora kwenye gazeti la jana: nukta, mstari, halafu mstari unaokonda ukielekea mwisho. Anza na hewa, maliza na hewa. Ukifunga hewa kabla ya rangi, tone linabaki mdomoni na kesho yake linatema madoa kwenye kazi ya mtu.

Rangi ndiyo inayowamaliza wengi. Zile ndogo za modeli zinazotoka ng'ambo, kachupa kamoja ni bei ya chakula cha siku mbili. Rangi ya nyumba nayo ina chembe nono, itaziba nozeli. Nenda kwa mafundi wa kupaka magari, uwaombe mabaki. Rangi ya gari imesagwa laini, na wao humwaga kile kinachobaki kwenye mkebe. Chuja kwa soksi ya nailoni, ongeza thina mpaka iwe kama maziwa mabichi. Ikiwa kama mala haitapita. Na kadibodi usiipake ikiwa uchi, itakunywa rangi yote. Ipige kwanza sila wanayotumia maseremala, msasa mwepesi, kisha sila tena.

Halafu kuna kitu ambacho video za Wazungu hazitakwambia, kwa sababu wao hawapaki Jumanne Kitale na Jumamosi Bungoma. Kitale iko juu, kama mita 1,900, kuna baridi, na msimu wa mvua saa nane mchana mbingu zinafunguka. Rangi ya thina ikikutana na hewa yenye unyevu inapiga ukungu mweupe, nyeusi yako inageuka kijivu. Kwa hivyo Kitale napaka asubuhi jua likishatoka, adhuhuri naweka vyombo chini. Ukishuka Kiminini, Kamukuywa, Misikhu mpaka Webuye, halafu ukate kwenda Bungoma, joto linabadilika na shida inageuka. Rangi inakauka hewani kabla ya kufika kwa gari, unapapasa unakuta kama msasa. Huko naongeza thina kidogo na kusogea karibu, upana wa vidole vinne hivi.

Mbona nihangaike na nauli ya Bungoma? Dada yangu mdogo ana pumu, na tunaishi chumba kimoja. Hapo sina mzaha. Thina haipulizwi ndani ya nyumba, hata dirisha likiwa wazi, na haipulizwi karibu na jiko, moshi wake unashika moto. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa thina, hata zile za hospitali haziwezi. Inayosaidia ni ile ya mpira yenye vichujio vya makaa. Na zile rangi za gari zinazochanganywa na hadina, wachana nazo. Ile hadina inaweza kumpa pumu mtu ambaye hakuwa nayo. Mafundi wengi wanaipuliza wakiwa wameziba pua na fulana, nimewaambia, wanacheka. Kitale napaka nje, nyuma ya ploti, na ni kama hakuna upepo. Kazi kubwa naipeleka kwa mjomba Bungoma, ana kibanda cha kunyoosha magari kilicho wazi pande tatu.

Mjomba ndiye aliyenionyesha ujanja wa tairi. Kakompresa ka kuchaji kanapata moto na kanakufa baada ya nusu saa, na hewa yake inadundadunda. Chukua tairi la gari lililo kwenye ringi, fundi wa pancha alijaze presha 35, unganisha paipu kwenye valvu. Hewa inatoka imetulia, haina kelele, haijali stima imepotea. Tairi dogo linakupa dakika nne tano za kupuliza mfululizo, lakini nani hupuliza mfululizo? La lori linaenda mbali zaidi. Presha ikishuka chini ya 15 rangi inaanza kutoa vidoa, basi unalirudisha kwa fundi.

Kuosha, fupi tu: kila ukibadilisha rangi, pitisha thina mpaka itoke safi, na jioni chomoa sindano uipanguse. Usiiloweke mashine yote, hizi za bei rahisi zina vipete vya mpira vinavyovimba kwa thina.

Bei ya kazi yako, usiiogope. Mimi huchukua nusu kwa M-Pesa kabla sijakata boksi, tangu jamaa mmoja aagize tatu na simu yake ikazimwa. Hizo tatu zilikaa juu ya kabati wiki sita, jina la gari lake ubavuni. Mwishowe nikapuliza nyeupe juu ya jina, nikachora jingine, zikaenda. Ya mwisho iliondoka juzi, na dereva aliyeichukua anataka ya pili yenye taa zinazowaka. Taa sijawahi kuweka. Nimemwambia anipe wiki mbili.