Shimo la Barabara ya Chai

Barabara inayoshuka kutoka kwetu hadi kituo cha kununulia majani chai ilichongwa mwaka 1986, Nyamira ikiwa bado ndani ya Wilaya ya Kisii. Tuliifurahia sote. Kabla yake, mvua ikinyesha, lori lilikwama mlimani na chai iliyochumwa tangu alfajiri ikaharibika vikapuni.

Maramu ya kumwaga barabarani ilichimbwa katika shamba la mzee jirani yetu, karibu na kijito tulikoteka maji. Mzee alilipwa kidogo, tingatinga likaingia, malori yakabeba udongo majuma kadhaa. Kazi ilipokwisha, mitambo iliondoka. Shimo likabaki, bila ua wala kibao cha onyo.

Kwetu Ugusii mvua haikawii kunyesha. Chini ya maramu palikuwa na udongo wa mfinyanzi, na udongo huo haunywi maji. Shimo likajaa. Maji yalikuwa mekundu, huwezi kukisia kina chake. Upande mmoja ulikuwa na mteremko uliopitiwa na malori. Hapo ng'ombe walinyweshwa na kina mama wakafua. Upande wa pili ulikuwa umekatwa wima. Mtoto aliyezoea mteremko hakuwa na sababu ya kuuogopa upande ule mwingine.

Mwana wa baba mdogo alikuwa na miaka minane. Alikwenda kuoga na wenzake baada ya shule. Mimi nilikuwa darasa la sita. Nilisikia nduru za kina mama nikakimbia. Hapakuwa na mtu mzima aliyejua kuogelea. Wanaume walifungana kamba kiunoni, wakapapasa chini ya maji kwa miti mirefu ya mikaratusi. Alipopatikana, tuliona mikwaruzo ya vidole vyake kwenye ukingo. Alikuwa amejaribu kupanda. Udongo ule ukilowa haushikiki.

Baada ya mazishi, baba mdogo alikuwa na swali moja: shimo hili ni la nani? Alisimama barazani akasema, "Chifu, mwanangu hatarudi. Ninachoomba ni shimo lifukiwe." Ofisi moja ilimjibu kwamba shimo ni la mwenye shamba, kwa kuwa alilipwa. Mwenye shamba akasema yeye hakuchimba, wala hana mtambo wa kufukia. Ofisi nyingine ikamwelekeza kwa mwanakandarasi, naye alikuwa amehamia kazi ya mbali. Wengine walimwambia mtoto alijitakia kwa kucheza mahali pasipomhusu. "Mzee, rudi mwezi ujao," aliambiwa, naye akarudi. Mwaka ukaisha hivyo. Mwishowe wanakijiji walilizungushia shimo miti na miiba wenyewe.

Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa mwaka ule ulichukua nini. Sura ya 39 ya Sheria za Kenya inataka kesi ya madhara dhidi ya Serikali ifunguliwe ndani ya miezi 12. Dhidi ya mtu binafsi, muda ni miaka 3. Hakuna aliyemwambia baba mdogo, na kila "mwezi ujao" ulipunguza haki yake. Sura ya 34 nayo, inayoeleza wajibu wa mwenye kudhibiti mahali, inamtaka atarajie kwamba watoto watakuwa na uangalifu mdogo kuliko watu wazima. Tena, katika wajibu huo, hati ya shamba pekee haitoshi. Huulizwa ni nani aliyekuwa na usimamizi wa mahali penyewe. Swali la baba mdogo lilistahili kujibiwa mahakamani. Ofisi zile hazikumpa jibu, zikamchosha.

Leo mwananchi ana nguvu zaidi. Chini ya Sheria ya Mazingira ya 1999, timbo linahitaji tathmini ya athari kabla ya kuchimbwa, na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, inaweza kumwamuru mharibifu arejeshe ardhi katika hali yake. Kifungu cha 70 cha Katiba ya 2010 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea mazingira salama, bila kuthibitisha kwamba kuna aliyeumia. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ina kituo Kisii mjini.

Bado naona matimbo ya maramu na mashimo ya matofali yaliyojaa maji karibu na nyumba, Kisii na Nyamira. Ukiwa na moja jirani nawe, lipige picha. Andika barua kwa aliyechimba, kwa kaunti na kwa NEMA, na nakala yako igongwe muhuri wa tarehe. Na kama msiba umekwisha kutokea, mwone wakili mapema, kwa maana miezi 12 haingoji matanga yaishe. Anayechimba kwa jina la umma ana wajibu wa kufukia kwa jina hilohilo. Mdai wajibu huo watoto wakiwa bado hai.