Ndoo ya Samaki wa Manjano



Nilisafiri kutoka Mombasa hadi Nakuru, mtaa wa Section 58, kumsaidia wifi yangu kufunga vyombo. Kaka yangu amepata uhamisho wa kazi na jamaa yote inarejea Pwani. Asubuhi za huko zina baridi inayomfanya mtu wa bahari aithamini shali yake, na hewa ina harufu ya udongo wa mashamba.

Kila kitu kilipata nafasi katika makasha isipokuwa tangi la kioo lililokuwa sebuleni. Ndani yake waliogelea samaki sita wa manjano, wenye mstari mweusi katika pezi la mgongo, mali ya binti wa kaka yangu mwenye umri wa miaka kumi. "Shangazi," aliniambia, "nitawaachia Mto Njoro, wawe huru." Nami, bila kutafakari, nikamsifu kwa huruma yake. Tukaafikiana kwamba Jumamosi tutalizuru Ziwa Nakuru asubuhi, na jioni tutaibeba ndoo hadi mtoni.

Ziwa tulilolikuta silo lile la picha za kalenda. Tangu mwaka 2010 maji yamepanda, yakalimeza lango kuu la zamani la mbuga, na migunga iliyokufa imesimama majini kama nguzo za nyumba isiyo na paa. Heroe, ambao wengi huwaita flamingo, walikuwa wachache. Wari ndio waliolitawala ziwa, wakielea kwa makundi na kuchota samaki kwa midomo yao mipana.

Mwongozaji wetu alitueleza jambo lililonishangaza. Ziwa lile la magadi halikuwa na samaki. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 waliletwa perege wadogo kutoka Ziwa Magadi, ili wale viluwiluwi vya mbu. Perege hao walizoea, wakazaana, na nyuma yao wakaja ndege walao samaki. Wari huzalia Ziwa Elmenteita, kisha huruka hadi Nakuru kutafuta chakula.

"Basi si jambo jema, Shangazi?" binti akauliza. "Samaki wageni wameleta ndege."

Sikuwa na jibu. Mwongozaji, ambaye alikulia Naivasha, alimjibu kwa upole. Nakuru, alisema, hapakuwa na samaki wa kudhulumiwa. Naivasha palikuwa na kasamaki kadogo ka asili. Mwaka 1925 waliletwa perege kutoka Mto Athi, mwaka 1929 akaletwa samaki mla wenzake kutoka Marekani, na mwaka 1956 wakaongezwa perege wa aina nyingine. Kale kasamaki kenyeji kalionekana mara ya mwisho mwaka 1962. Akatukumbusha pia sangara, aliyetiwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, na furu wadogo wa rangi nyingi, ambao aina zao kwa mamia zilitoweka baadaye.

Kisha akamuuliza binti samaki wake walivyo. Alipoelezwa, akasema nyumbani kwao ni Ziwa Nyasa, nao ni ukoo mmoja na perege. Mama wa samaki hao huyabeba mayai kinywani hadi watoto waweze kuogelea. Ndipo nilipofahamu uzito wa ndoo yetu: jike mmoja aliyebeba mayai angeweza kuingiza mtoni kizazi kizima, na maradhi ya tangini pamoja nao. Wakishaenea, hakuna wavu wa kuwarudisha.

Jioni ile hatukwenda mtoni. Binti alilia kidogo, nami nikamwomba radhi kwa kumsifu kabla ya kuuliza. Nia njema ni jambo kubwa katika dini yetu, lakini haituondolei wajibu wa kujua. Kesho yake jirani mwenye tangi kubwa aliwapokea wote sita, na binti akamfundisha mtoto wa jirani kiasi cha chakula cha kila siku.

Tulipokuwa njiani kurudi, tulisimama Naivasha penye soko la samaki. Akina mama walikuwa wakiparua magamba na kukaanga. Riziki zao zinatoka kwa samaki hao hao walioletwa. Mwongozaji alikuwa amempa binti alama za kukumbuka, naye alikwenda kutoka beseni hadi beseni. Perege mwenye kifua na tumbo lenye wekundu ni yule wa mwaka 1956. Yeye hutaga chini, na baba na mama hulinda mayai kwa zamu. Mwenye mwili mweusi ulionyunyiziwa madoa meupe ni mwenzake wa mwaka huo huo. Mwenye mistari myembamba ya kusimama katika mkia ni perege wa Mto Naili, ambaye siku hizi ameonekana hata Ziwa Nakuru baada ya maji yake kupungua chumvi.

"Wote ni wageni," binti alisema taratibu. Mama mmoja akacheka, akamwambia: "Mgeni akizaa, mwanangu, huwa mwenyeji. Lakini aliyekuwapo kabla yake yuko wapi?"

Swali hilo nimerudi nalo Mombasa. Familia nyingi hapa Pwani zimewanunulia watoto samaki wa rangi. Siku tangi litakapowashinda, wapeni jirani au warudisheni kwa muuzaji. Msiwamwage Sabaki, wala Tana, wala katika kijito cha nyuma ya nyumba. Maji ni amana, na waliomo humo tangu awali nao wana haki yao.

Wabillahi tawfiq.