Kabla ya kununua pompi, angalia mazutu

Wasikilizaji wetu wa Piana-Mwanga wananiuliza habari za barabara, bei ya mahindi na ule umeme wa maporomoko uliojengwa miaka ya 1930 kwa ajili ya bati ya Manono. Habari za mashine za boti hakuna anayeuliza. Lakini chini ya maporomoko, kutoka Kiambi mpaka Ankoro, Luvua inapitika kwa boti zisizozama sana, karibu kilomita 160. Mtu akitaka kupeleka magunia ya muhogo au mgonjwa, mara nyingi njia ni hiyo, na mashine ikikataa hakuna safari.

Mwezi uliopita niliikuta boti moja Kiambi imelala siku ya tatu. Ilibeba mahindi, mawese na watu, kati yao mama mmoja mwenye mimba kubwa aliyekuwa anakwenda kujifungulia kwa wazazi wake. Fundi wa kwanza alikuwa amekwisha kusema pompi ya kusukuma mazutu imekufa, inunuliwe nyingine Kalemie. Mwenye boti alikuwa anazunguka kutafuta wa kumkopesha feza. Ndipo akaitwa mzee mmoja aliyezeekea katika mashine.

Nikamwuliza: "Papa, umejuaje kama pompi haijafa?"

"Sijajua bado, mwanangu. Lakini daktari hapasui tumbo kabla ya kuuliza mgonjwa alikula nini."

Mashine ya mazutu haina buji. Hewa inabanwa ndani ya silinda mpaka inapita digrii 500 za joto, kisha injekta inanyunyiza mazutu kama ukungu, na yanawaka yenyewe. Kupata ukungu huo, pompi za mashine nyingi za zamani zinasukuma kwa nguvu ya baa 200 hivi. Tairi ya gari ina baa 2 tu. Vyuma vya ndani vimekaribiana sana, na mazutu yenyewe ndiyo yanayovilainisha. Maji au mchanga ukiingia, vinakwaruzika.

Basi mzee alianzia kwenye tanki. Alifungua chini ya chujio, akakinga mazutu katika chupa nyeupe, akaiacha itulie. Maji ni mazito kuliko mazutu. Yalishuka chini, vidole viwili vizima. Mimi sikushangaa. Mazutu yetu yanafika kwa bidoni na mapipa yanayofunguliwa njiani hata mvua ikinyesha. Halafu akafuata bomba la mpira kwa vidole mpaka akakuta ufa. Pale mashine ilikuwa inavuta hewa. Hewa inabanika, kwa hiyo pompi inabana mapovu tu, na injekta haifunguki.

Alimwaga maji yote ya tanki, akakata penye ufa, akafunga upya, akaweka chujio kipya. Akalegeza skurubu ya kutolea hewa na kupampu kwa mkono mpaka mazutu yakatoka bila povu. Walipojaribu mara ya nne mashine ilishika, ikatoa moshi mweupe, ikatulia. Fundi wa kwanza simlaumu sana. Huku tunamlipa fundi kwa kifaa alichobadilisha. Kufikiri kwake tunataka kwa bure.

Mashine ikiwa inaunguruma kwa kukwama, mzee analegeza nati ya bomba la injekta moja, anaifunga, anakwenda kwa nyingine. Sauti ikibadilika, silinda ile ilikuwa inafanya kazi. Isipobadilika, ugonjwa uko pale. Moshi mweusi unamwambia mazutu ni mengi au hewa ni kidogo, wa buluu kwamba oili inaungua.

Kijana mmoja alitaka kukinga injekta kwa kiganja aone kama inanyunyiza. Mzee alimpiga mkono, na alikuwa na haki. Mazutu ya nguvu ile yanapenya ngozi. Tundu linaonekana dogo kama la sindano, lakini ndani nyama inaharibika, na bila kupasuliwa haraka mkono unaweza kukatwa. Kutoka Kiambi kumfikia daktari wa kupasua, kila mkaaji wa huku anajua ni safari gani.

Ziko pompi zinazokufa kweli. Kama mazutu safi, bila povu, yanaingia kwenye pompi na hayatoki kwenye mabomba ya injekta, ifungwe katika kitambaa safi na kupelekwa kwa fundi mwenye mashine ya kuipimia. Isifunguliwe juu ya mchanga.