Rovu, Aidini na Rafu ya Vidonge

Katika mazungumzo ya kila siku, uvimbe wa shingo una jina moja tu: rovu. Na jina hilo likitajwa, tiba yake hufuata papo hapo: aidini. Uhusiano huu haukuzuka hivi hivi. Kwa miaka mingi wakazi wengi wa nyanda za juu za Kenya, ambako ardhi haina madini hayo ya kutosha, walivimba shingo kwa kuyakosa, hata sheria ikaagiza katika miaka ya 1970 kwamba chumvi itiwe aidini. Mafanikio yake ni ya kupigiwa mfano. Hata hivyo, yaliacha nyuma fikra moja potofu, kwamba kila shingo iliyovimba inalilia aidini.

Mwalimu mmoja wa shule ya upili, mwanamke wa miaka 35, aliponzwa na fikra hiyo. Alikuwa ameanza kunenepa pasi na kula zaidi, nywele zikimtoka, baridi ikimwandama hata mchana wa Januari, na usingizi ukimwangusha juu ya madaftari ya wanafunzi. Wenzake katika chumba cha walimu walimwita mvivu, kwa mzaha ambao haukuwa mzaha wote. Shangazi yake alipoiona shingo hakusita: "Mwanangu, hilo ni rovu. Tafuta aidini." Akanunua vidonge vya mwani wa baharini, vilivyosheheni aidini, akavimeza kwa miezi mitatu. Uchovu haukupungua, ulizidi.

Vipimo vya damu ndivyo vilivyofichua kiini. Maradhi yake yalielezwa mwaka 1912 na daktari mpasuaji wa Japani, Hakaru Hashimoto, na yanaitwa kwa jina lake hadi leo. Mfumo wa kinga, badala ya kupambana na adui wa nje, huigeukia tezi dundumio, yaani thairoidi, na kuila polepole. Mgonjwa wa aina hii aghalabu hakupungukiwa na aidini, hasa katika nchi ambamo chumvi ya jikoni inayo. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 kwa siku. Ikizidi mno, tezi iliyokwisha kujeruhiwa huweza kudhoofika zaidi. Si kwamba aidini ni sumu. Mja mzito huhitaji mikrogramu 250, hata akiwa na maradhi haya haya.

Daktari alimwandikia levothairoksini, homoni ile ile ambayo tezi imeshindwa kuitengeneza. Mambo yangetulia hapo, lau si rafu ya duka la dawa. Lugha nayo ina lawama yake katika jambo hili, kwani neno "vitamini" limekuwa jina la chochote kilichomo chupani kisichohitaji cheti cha daktari. Nani huogopa vitamini?

Kwa uchungu wa nywele zake, mwalimu alichagua vidonge vya nywele na kucha. Kila kimoja kilikuwa na mikrogramu 10,000 za biotini, ilhali mahitaji ya siku ni kama 30. Aliporudi kupimwa, TSH ilionekana iko chini na homoni ya tezi iko juu, kana kwamba dawa imemzidia. Alikuwa karibu kupunguziwa dozi ilhali mwili wake ungali unaihitaji. Aliyeokoa jahazi ni mhudumu wa maabara, kwa swali moja: "Mwalimu, kuna kingine unachomeza?" Biotini huvuruga baadhi ya mbinu za upimaji, haibadilishi hali ya tezi, hubadilisha jibu la mashine. Akaiacha kwa siku kadhaa, kipimo kikarudiwa, na TSH ikaonekana ilivyokuwa kweli: juu.

Chupa ya pili ilikuwa ya seleniamu. Hii ina watetezi wenye hoja, maana tafiti zimeonyesha kuwa mikrogramu 200 kwa siku huweza kupunguza kingamwili zinazoishambulia tezi. Lakini haijathibitika kwamba upungufu huo humpa mgonjwa nafuu anayoihisi. Isitoshe, seleniamu ikizidi hung'oa nywele na kuvunja kucha, balaa lile lile alilokuwa akilikimbia! Akairudisha rafuni.

Kilichobaki kiliamuliwa na damu, si tangazo. Vitamini B12 ilipimwa, kwa kuwa maradhi haya wakati mwingine huandamana na mengine ya kinga kujishambulia ambayo huzuia mwili kuifyonza; ilitosha, haikununuliwa. Madini ya chuma yalikuwa pungufu, yakanunuliwa. Na ushauri wa jirani kwamba aache sukuma wiki ulipuuzwa, maana mboga hiyo ikipikwa na kuliwa kwa kiasi cha kawaida haina neno.

Lakini hata kidonge kinachohitajika kina saa yake. Chuma na kalsiamu huinasa levothairoksini tumboni kabla haijafyonzwa, hivyo hutenganishwa nayo kwa saa nne. Siku hizi mwalimu humeza homoni alfajiri kwa maji matupu, chai ya maziwa husubiri saa nzima, na chuma humezwa jioni. Dozi inapobadilishwa, TSH hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8, naye huenda maabara na karatasi aliyoorodhesha kila anachomeza, hata kile alichouziwa sokoni.