Kupanga Nyumba katika Mji wa Kale, Mombasa

Mtu wa bara afikaye Mombasa kwa kazi hupelekwa na madalali Tudor, Bamburi au Kisauni, penye majengo mapya. Ni wachache wanaomwongoza hata Mji wa Kale, ulio kando ya Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Walakini huko nako nyumba hupangishwa, na asiye na jamaa kubwa aweza kupata chumba kimoja cha kulala, sebule, jiko na choo katika orofa ya juu ya nyumba ya kale.

Kuta za nyumba hizo ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, nene kiasi cha dhiraa moja, na dari hubebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti si ndefu, vyumba ni vyembamba, na kitanda kikubwa kilichonunuliwa bara huenda kisipite hata ngazini. Lakini ukuta mnene huchelewesha joto, na njia za Kibokoni na Ndia Kuu hutiwa kivuli na roshani za mbao. Saa nane mchana, mabati ya mitaa mingine yakichoma, mpangaji wa hapa hupata nafuu.

Kasoro zipo, na atafutaye nyumba asione haya kuzikagua. Atazame dari, hasa baada ya masika: penye doa jeusi au unga wa mbao, boriti imekwisha kuliwa. Agonge na ukuta. Mafundi wengi wa siku hizi hupiga lipu ya saruji juu ya chokaa, nayo saruji huufungia unyevu ndani; ukuta huoza huku uso wake ukimeremeta. Tena aulize maji huja siku gani, maana mfereji hukauka mara kwa mara, na madumu ya mkokoteni hupandishwa ngazi kwa malipo mengine.

Mwenye nyumba, ambaye pengine ni bibi mzee akaaye orofa ya chini, hataanza na mshahara. Atauliza mpangaji ni mtu wa wapi, ana mke, na wageni wake huja saa ngapi. Wengine huudhika, lakini ngazi ni moja na ua ni mmoja.

Shida kubwa ni matengenezo. Mtaa huu ulitangazwa na serikali kuwa wa kuhifadhiwa, na haifai kuvunja wala kugeuza uso wa nyumba pasipo ruhusa. Mafundi wa chokaa wamepungua, na kodi ya chumba kimoja haiezeki paa. Kwa hiyo wenyewe wengine huuza, na wengine huiacha nyumba ianguke polepole. Mpangaji mwenye busara hupatana kwamba atatengeneza boriti mbovu, na gharama ikatwe katika kodi. Akaandikiwa hayo mbele ya mashahidi wawili kabla ya kupokea ufunguo.