Ukurasa wa Tarakilishi na Mizani ya Shairi

Wahenga hawakukosea waliponena: usione vyaelea, vimeundwa. Chombo kikielea, hakuna anayeuliza mbao zake zilikatwa kwa kipimo gani; swali hilo huzuka siku kinapovuja. Tarakilishi nayo ni vivyo hivyo.

Mnamo 2024 nilikuwa nikinakili masimulizi ya wazee niliyoyarekodi kwa minajili ya tasnifu yangu. Nilikusudia kuyarejesha kwa wenyewe, katika vijiji visivyo na intaneti, yakiwa ndani ya tarakilishi ndogo iliyo sawa na kadi ya benki kwa upana na inayoendeshwa na Linux. Mtu angeandika neno, nayo programu imtafutie kila simulizi lenye neno hilo. Programu hiyo ilifanya kazi barabara katika tarakilishi ya toleo la awali, lakini katika hii mpya ilikataa katakata kuanza. Ujumbe uliojitokeza ulidai kwamba sehemu ya faili haikuanzia mwanzo wa ukurasa.

Mwenzangu mmoja wa uhandisi alilitambua tatizo papo hapo, ila akaongeza kwamba jambo lenyewe halielezeki kwa Kiswahili. Kauli hiyo ilinichoma kuliko hitilafu yenyewe. Ikiwa halielezeki, basi wazee wale hawatakuwa kamwe wenye chombo. Watabaki kungoja mgeni aje kukitengeneza.

Hebu tulieleze. Kiini cha Linux huigawa kumbukumbu katika vipande vilivyo sawa viitwavyo kurasa. Kwa miaka mingi ukurasa uliozoeleka umekuwa wa baiti 4096. Hata hivyo, vichakataji vya ARM vya biti 64 vinaweza kutumia pia kurasa za baiti 16384 au 65536, na uamuzi hufanywa wakati wa kuunda kiini. Kurasa kubwa humpunguzia kichakataji kazi ya kutafuta mahali data ilipo, ingawa hupoteza nafasi: faili ya baiti 100 ikipakiwa hukalia ukurasa mzima.

Mwanafunzi wa ushairi hana haja ya kwenda mbali. Kipande cha utenzi kwa kawaida kina mizani 8. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, yaani ukwapi 8 na utao 8. Kila mshororo unapokamilika, kituo cha mizani 8 nacho kimetimia. Lakini asimamaye kila baada ya mizani 8 huenda akajikuta katikati ya mshororo. Ndivyo ilivyo kwa baiti: 20480 ni 4096 mara 5, kwa hiyo ni mwanzo halali wa ukurasa mdogo, kwa ukurasa wa 16384, hapo ni katikati. Kiini hakikubali kupakia sehemu ya programu kuanzia hapo.

Tiba yake haina uganga. Amri ya «getconf PAGESIZE» hutaja kipimo cha kurasa za mfumo. Kwangu ilijibu 16384. Amri ya «readelf -l» huonyesha programu ilipangwa kwa kipimo gani. Yangu ilipangwa kwa 4096. Baada ya hapo njia ni mbili: kuweka kiini chenye kurasa za 4096, au kuiunda programu upya kwa mpaka wa 65536, ambao huafiki vipimo vyote vitatu. Niliichagua ya pili, na masimulizi yakafunguka.

Mwenzangu yule nilimsomea maelezo haya. Aliyasikiliza hadi mwisho, kisha akaomba nakala. Waama, Kiswahili hakikupungukiwa na maneno. Ukurasa, mizani na kituo tulikuwa navyo tangu zamani. Kilichopungua ni sisi tunaokisomea kuingia katika karakana. Nimeyachapisha maelezo hayo katika karatasi moja, na kuibandika kwenye kijaluba cha tarakilishi kabla ya kuipeleka kijijini.