Randa Mbili Katika Mwili Mmoja

Karibu na soko la Kibuye mjini Kisumu, mahali ambapo vitanda, makabati na meza hupangwa kando ya barabara tangu alfajiri, iko karakana ndogo ya seremala yenye upana wa futi 12 na urefu wa futi 18. Mwenyewe alianza kazi humo kwa randa ya mkono, msumeno, patasi tatu na jiliwa mbili za kuazima. Kwa miaka tisa aliendelea hivyo, na sifa yake ikaenea kwa sababu viungo vya kazi yake havikulegea. Lakini katika mwaka 2023 lilimpata jambo lililomfanya akae kitako na kuwaza habari ya mashine.

Shule moja ilimwagiza milango 14 ya mvule. Kama ilivyo desturi ya mafundi wadogo, mbao alizipeleka kwa mkokoteni hadi kwa mwenye mashine ng'ambo ya soko, akapigishiwa randa kwa kulipa kila futi. Zilirudi laini, zinang'aa, unene wake mmoja kutoka ncha hata ncha. Milango ikaundwa, ikapakwa vanishi, ikapelekwa. Minne kati yake ikakataa kukaa katika fremu: pembe ya juu ilipogusa, pembe ya chini ilijitenga kwa upana wa kidole. Msimamizi wa jengo hakuwa mtu wa matusi. Aliipakia minne hiyo juu ya gari, akairudisha, na malipo yake yakabaki kwenye karatasi.

Usiku ule fundi hakulala. Alijua kosa lilipotokea, na alijua kuwa nusu yake ni lake mwenyewe.

Ubao unapokauka haukai kama ulivyopasuliwa. Huweza kupinda kama upinde kwa urefu wake, huweza kubenuka kwa upana kama kigae cha paa, na huweza kujinyonga, yaani pembe moja kuinuka hali tatu zimelala. Huo wa tatu ndio ugonjwa mbaya, maana jicho haliuoni upesi. Mwenye mashine wa ng'ambo ya soko alikuwa na randa ya unene peke yake. Katika mashine hiyo ubao hupita chini ya visu, nazo rola huubana na kuuvuta. Ubao uliojinyonga hubanwa ukanyooka kwa nguvu, visu vikaula, kisha ukitoka upande wa pili hurudia hali yake ya kwanza. Umeingia umejinyonga, umetoka umejinyonga. Lililoongezeka ni ulaini tu.

Dawa yake ni randa ya kunyoosha. Hiyo ina meza mbili za chuma, ya kuingizia na ya kutokea, na katikati yake gogo la chuma lenye visu linalozunguka. Meza ya kutokea husimama sawasawa na kimo cha juu cha visu, na ile ya kuingizia hushushwa kidogo, kwa kadiri ya unene unaotakiwa kuondolewa. Fundi husukuma ubao kwa mkono juu yake bila kuukandamiza kwa nguvu, na visu huondoa palipoinuka tu, hata uso mmoja ukawa bapa kweli kweli. Kisha ukingo wa ubao huegemezwa kwenye kiegemeo kilichosimama wima, ukapata pembe mraba. Baada ya hapo ndipo randa ya unene hufaa, kwa maana sasa ina uso ulionyooka wa kuufuata. Mashine moja bila mwenzake ni nusu ya kazi.

Zamani fundi wetu alikuwa akiunyoosha uso wa kwanza kwa randa ya mkono, akitazama juu ya vijiti viwili vilivyonyooka, kimoja kila ncha, aone kama vimelingana. Kwa milango 14 aliona kazi hiyo itamchelewesha, akaiacha. Hiyo ndiyo nusu ya kosa iliyokuwa yake.

Kulipopambazuka alimweleza mkewe, ambaye huuza omena na ndiye mtunza hesabu wa nyumba. Akiba yao ilikuwa katika chama cha akina mama, na sehemu yake ilikuwa imetengwa kwa karo ya kifungua mimba wao, aliyetazamiwa kuingia kidato cha kwanza Januari 2024. Mama yule hakukataa wala hakukubali. Alileta daftari, akasema, "Baba watoto, niandikie kwanza fedha ulizomlipa mwenye mashine mwaka uliopita. Halafu andika mbao zilizoharibika." Walipojumlisha, malipo ya randa peke yake yalipita nusu ya bei ya mashine iliyotumika. Na mbao si mali ya kupoteza ovyo. Tangu Februari 2018, Serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jumuiya kwa siku 90, kisha amri ikaongezwa na kuongezwa hadi Rais alipotangaza kuiondoa Julai 2023, fundi mdogo alikuwa amejifunza kuhesabu hata vipande vya futi moja.

"Basi nunua," akasema mama, "lakini karo isiguswe zaidi ya mwezi wa kumi na moja. Mashine ikishindwa kuirudisha, utaiuza."

Likabaki swali la mashine ya namna gani. Lililo bora kabisa, kwa mwenye nafasi na mali, ni kuwa na mashine mbili mbali mbali. Fundi anyoosha huku, mwanagenzi apitisha unene kule, wala hakuna anayemngoja mwenziwe. Lakini katika futi 12 kwa 18, mashine mbili zingemfukuza fundi mwenyewe nje. Ipo tena sababu ambayo wengi huisahau. Randa za kunyoosha zinazosimama peke yake, zile ambazo mtu mdogo aweza kuzinunua, aghalabu zina upana wa inchi 6 au 8. Katika mashine ya pamoja gogo la visu ni lile lile moja kwa kazi zote mbili. Kwa hiyo upana wa kunyoosha ni sawa na upana wa unene: milimita 260, au 310, au hata 410. Mtu mwenye mbao za mvule za inchi 9 afanye nini na mashine ya inchi 6? Azipasue kwanza, kisha aziunge tena kwa gundi?

Mashine ya pamoja ina aibu zake pia, na muuzaji hatazitaja. Kutoka kazi ya kunyoosha hadi kazi ya unene ni lazima kuinua meza, kugeuza kifuniko cha kutolea maranda, na kupandisha kitanda cha chini. Ni kazi ya dakika moja au mbili, lakini mtu akigeuza mara ishirini kwa siku atachoka na kuanza kukosea. Tena meza zake huwa fupi kuliko za mashine kubwa, na yasemwa kwa kadiri kwamba ubao unaozidi mara mbili ya urefu wa meza hauwezi kunyooshwa vizuri. Na kubwa kuliko yote: meza inayoinuliwa kila siku yapasa irudi mahali pake pale pale kila mara. Isiporudi, ni hasara yenye kung'aa rangi.

Fundi alianza kwa kutazama mashine zinazoundwa na mafundi wa hapa hapa kwa vyuma vya kuunga. Bei yake ilimvuta sana, na si haki kuzidharau, kwa kuwa zimelisha watu wengi. Lakini ile aliyoionyeshwa ilikuwa na meza ya bamba lililochomelewa, na joto la kuchomelea lilikuwa limeipinda. Aliweka rula ya chuma juu yake, akaona mwanga chini. Meza iliyopinda hainyooshi ubao. Huufundisha ubao kupinda kama yenyewe.

Akaenda kwa mzee aliyemfundisha kazi. Mzee huyo alijifunza useremala katika karakana kubwa miaka ya 1970, na kidole cha shahada cha mkono wake wa kushoto hakina ncha.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia wataka kununua mashine. Tazama gogo la visu kwanza. Likiwa la mraba, rudi nyumbani."

Neno hilo la mzee lina historia ndefu. Mashine za randa si jambo la jana: Joseph Bramah alipata hati yake huko Uingereza mwaka 1802, na William Woodworth huko Marekani mwaka 1828. Kwa muda mrefu visu vilifungwa juu ya gogo la pembe nne, nalo likizunguka huacha pengo kubwa kati yake na meza. Mkono ukiteleza huingia humo wote. Gogo la mviringo huacha pengo dogo, na ingawa linakata, halimezi mkono. Kanuni za Uingereza za mwaka 1922 zilikataza gogo la mraba kwa randa inayosukumwa kwa mkono. Hata hivyo vyuma vya kale huishi miaka mingi kuliko kanuni, na kidole cha mzee kilikuwa ushahidi.

Jambo la pili alilosema mzee lilikuwa umeme. Mashine kubwa zilizotumika, zitokazo Ulaya, mara nyingi zina mota ya fezi tatu, ndiyo sababu bei yake ni nafuu. Karakana ya fundi ilikuwa na fezi moja, volti 240, kama duka la kawaida. Mota ya nguvu za farasi 3, yaani kama wati 2,200, hula zaidi ya ampea 13 ikiwa kazini, na inapoanza hula mara kadhaa ya hizo. Haifai kuchomekwa kwenye plagi inayochemshia chai; yataka waya wake nene na swichi yake yenyewe. Gharama hiyo fundi hakuwa ameiandika katika daftari. Akaiandika.

Mashine ya kwanza aliisafiria hadi Nairobi. Ilikuwa imepakwa rangi mpya, jambo lililomtia shaka papo hapo. Rula ilipowekwa, karatasi ikapita chini yake katikati ya meza ya kutokea. Alishukuru, akaondoka. Ya pili ilikuwa Nakuru, mali ya fundi aliyekuwa akiacha kazi kwa ajili ya uzee: upana wa milimita 260, visu vitatu, meza za chuma cha kusubu, mota ya fezi moja. Hapo fundi alikaa saa nne nzima. Umeme ulipokwisha kukatwa, alizungusha gogo kwa mkono akisikiliza beringi. Aliweka kijiti kilichonyooka juu ya meza ya kutokea, akageuza gogo polepole. Kisu cha kwanza kilikivuta kijiti milimita tatu, cha pili tatu, cha tatu sita. Hilo halikuwa kosa la mashine bali la aliyefunga visu, na lilimsaidia kupunguza bei. Kisha akainua meza na kuzishusha mara nne, kila mara akipima kwa rula. Zilirudi pale pale.

Mwisho aliomba mbao mbili za saiprasi, akanyoosha kingo zake, akazisimamisha moja juu ya nyingine mbele ya dirisha. Mwanga haukupita. Akatoa fedha.

Wapo watakaouliza kwa nini hakutafuta gogo la kisasa, lile la vijisu vidogo vya mraba vilivyopangwa kwa mzunguko kama ngazi. Ni zuri, kelele zake ni chache, haling'oi nyuzi za mbao zenye vifundo, na kila kijisu kina makali manne ya kugeuzwa. Lakini bei yake iko juu, na vijisu vyenyewe havipatikani kwa urahisi Kibuye, ilhali kisu kirefu cha chuma fundi aweza kukinoa mwenyewe.

Mashine ilifika kwa lori mwezi wa tisa. Sheria ya kwanza ya karakana iliandikwa kwa chaki ukutani: hakuna ubao mfupi kuliko inchi 12 utakaopitishwa juu ya visu, wala hakuna mkono utakaosukuma bila kibao cha kusukumia. Mwanagenzi, kijana wa miaka 19, aliona ni woga mwingi. Fundi akamtuma kwa mzee kupeleka sukari, akamwambia amsalimu kwa kumpa mkono. Kijana aliporudi hakubishana tena. Walinunua pia barakoa, kwa kuwa unga wa mbao tangu mwaka 1995 umehesabiwa na wataalamu wa ulimwengu kuwa miongoni mwa vitu viletavyo kansa, na unga wa mvule huwasha hata kabla ya hayo.

Ugumu wa kugeuza meza waliushinda kwa mpango: asubuhi yote ni kunyoosha, nyuso na kingo za mbao zote za siku, baada ya chakula cha mchana meza huinuliwa, na alasiri yote ni unene. Gogo lizungukapo mara 5,000 kwa dakika, visu vitatu hupiga mara 15,000. Ubao uendao mita 6 kwa dakika hupata pigo moja kila sehemu ya nne ya kumi ya milimita. Msasa ukapungua kazi.

Siku ya nne kulisikika mlio mkali. Mvule huficha ndani yake vijiwe vya chokaa, na kimoja kilikuwa kimevunja makali ya visu vyote vitatu. Fundi alizima mashine, akangoja gogo lisimame kabisa, akatazama. Halafu akaleta jiwe la kunolea, na mama akaandika katika daftari: visu vya akiba, seti moja.

Milango minne mipya ilipelekwa shuleni wiki ya pili ya mwezi wa kumi. Msimamizi aliifungua na kuifunga kila mmoja mara mbili, asiseme neno, akatia sahihi. Karo ilirudi chamani tarehe 28 Novemba.